Shajara ya mradi: kutoa naitrojeni na fosforasi kwenye tope hai, na kupambana na bakteria wa nyuzi

Naweka hapa kila hatua tukiimaliza, ili mwenye kituo kinachofanana na chetu apate pa kuanzia. Kituo ni cha tope hai la kawaida (bakteria wanakula uchafu kwenye tangi lenye hewa, kisha wanatulia chini na kurudishwa), maji machafu ya majumbani, karibu mita za ujazo 4,000 kwa siku, matangi mawili ya hewa yenye jumla ya mita za ujazo 2,000, klarifaya (matangi ya kutulizia tope) mbili za duara na tangi moja la kukoleza tope. Kilijengwa kwa kazi ya kuondoa uchafu unaooza tu, yaani BOD; naitrojeni na fosforasi hazikuwa kwenye hesabu kabisa. Sasa kibali kipya kinataka amonia chini ya 3, naitreti chini ya 12, fosforasi chini ya 1, zote ni miligramu kwa lita na amonia na naitreti tunazihesabu kama naitrojeni.

Mfumo huu Ardern na Lockett waliutangaza Manchester mwaka 1914, na mpaka leo swali la kwanza ni lile lile: tope linatulia au halitulii? Kama halitulii hizo hesabu za fosforasi ziweke pembeni kwanza.

14 Januari: hali tuliyoikuta

Tulianza na silinda ya lita moja kabla ya kitu kingine chochote. Sampuli ya mwisho wa tangi la hewa, unaiacha dakika 30 bila kuigusa, unasoma tope limeshuka mpaka wapi. Letu lilisoma mililita 780. Tope ndani ya tangi (MLSS) lilikuwa miligramu 3,200 kwa lita, kwa hiyo SVI, yaani mililita zinazoshikwa na gramu moja ya tope, ni 780 mara 1,000 gawa kwa 3,200, inakuja 244. Ikipita 150 tayari una shughuli.

Ila 780 peke yake haikuambii kama shida ni nyuzi (bakteria warefu kama uzi) au tope limejaa tu mpaka linabanana, na hapo ndipo watu wanaanza kutupa tope ovyo. Tukachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyotoka kwenye klarifaya, tukasubiri tena nusu saa, ikasoma 340. Zidisha mara mbili ni 680, SVI ya 212. Ingekuwa ni kubanana tu ingeporomoka vibaya. Haikuporomoka, basi ni nyuzi. Silinda nyingine tuliiacha saa mbili nzima kuona kama tope litapanda juu na vipovu vya gesi ya naitrojeni, maana hilo nalo linafanana na tope lisilotulia ukiliangalia kwenye klarifaya lakini dawa yake ni tofauti kabisa. Halikupanda.

Maji yanayoingia: BOD 230, naitrojeni yote 50, fosforasi 7, alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) 210. Yanayotoka: amonia 14, naitreti 20, fosforasi 5, pH 6.5, alkaliniti imebaki 50 na kidogo. Asubuhi maji yakija kwa wingi tope linafika ukingoni mwa klarifaya na kumwagika pamoja na maji.

22 Januari: hadubini kabla ya dawa

Naomba hii ichukuliwe kwa uzito: usimwage dawa yoyote kabla hujajua ni uzi gani. Kila aina inakuja na sababu yake. Oksijeni ikiwa kidogo unapata Sphaerotilus natans na aina ya 1701. Chakula kidogo na tope zee, aina ya 0041 au Microthrix parvicella, huyu wa mwisho anapenda mafuta na baridi. Maji yaliyooza kabla ya kufika, Thiothrix na aina ya 021N. Hawa wawili wanatokea pia kwenye maji ya viwandani yasiyo na naitrojeni au fosforasi ya kutosha, kule kanuni ya kuanzia ni BOD 100 kwa naitrojeni 5 kwa fosforasi 1. Hizo namba za aina zinatoka kwenye uainishaji wa Eikelboom, Mholanzi, na bado ndizo zinazotumika mitamboni.

Lenzi ndogo, ukuzaji mara 100, inatosha kuona wingi: nyuzi zimetoka kwenye floki (kibonge cha bakteria) moja na kushika floki ya pili, zote zinasimama kama nywele zisizochanwa, ndiyo maana haziwezi kulala chini. Kwa utambuzi tukapanda mpaka mara 1,000 kwa lenzi ya mafuta. Uzi mnene, hauna matawi, seli zake zimepangana kama mapipa mafupi na unaona mipaka yake vizuri, Gramu hasi, Neisser hasi (majibu ya rangi mbili za maabara). Halafu ndani ya seli kuna vidoa vinavyong'aa. Dada wa maabara akatia sodiamu salfaidi kidogo kwenye sampuli, akaiacha na hewa, vidoa vikaongezeka mbele ya macho yetu. Hiyo ni salfa, uzi unakula salfaidi na kuiweka akiba. Aina ya 021N, na Thiothrix wachache pembeni.

Maana yake shida inatoka nje ya tangi. Kuna salfaidi na asidi nyepesi, kama asidi asetiki, zinazoingia na maji.

4 Februari: klorini kwenye tope linalorudi

Tope lilikuwa linamwagika, hatukuwa na muda wa kusubiri chanzo kipatikane. Tukaenda na klorini, huku tukijua ni ya kununua muda.

Wazo lenyewe: uzi unaotokeza nje ya floki unakutana na klorini kwanza, bakteria wazuri walioko ndani wanakingwa. Kwa hiyo kiasi ni kila kitu. Tope la kwenye matangi ni mita 2,000 mara kilo 3.2, kilo 6,400, na sehemu hai, ile inayoungua, tukaikadiria kilo 5,000. Tukaanza na kilo 3 za klorini kwa kila kilo 1,000 kwa siku, yaani kilo 15. Unga wetu wa kalsiamu haipokloraiti ni wa asilimia 65, kwa hiyo kilo 23 za unga kila siku. Ukitumia ya maji maji ipime nguvu kila unapopokea, inapungua ikikaa kwenye joto.

Mahali pa kumwagia napo pana maana. Tulichagua bomba la tope linalorudi, kwenye kona ambapo linapigwa kwa nguvu na kuchanganyika, mbali na maji machafu mabichi kwa sababu yale yataila klorini yote kabla haijafika kwenye uzi. Pampu ilikuwa inarudisha mita za ujazo 6,000 kwa siku zenye kilo 5 za tope kila moja, kilo 30,000, gawa kwa 6,400, tope lote linapita pale zaidi ya mara 4 kwa siku. Ikiwa chini ya mara 3 kuna nyuzi zitakua haraka kuliko unavyoziua.

Alama ya kwanza haikuwa kwenye silinda. Siku chache baadaye vidoa vya salfa vilipotea, halafu uzi ukaanza kuwa na mapengo, seli zimesinyaa. SVI inachelewa kwa sababu uzi uliokufa bado umesimama mpaka utupwe na tope. Ilishuka mpaka 160, ikaendelea.

21 Februari: dozi imepandishwa, amonia imeharibika

Shifti moja iliona SVI inashuka taratibu ikapandisha dozi mpaka kilo 9 kwa elfu, na ikakaa hivyo mwisho wote wa wiki. SVI ikafika 118, ukiangalia hiyo peke yake utafurahi. Lakini maji yanayotoka yakawa na ukungu, kwenye hadubini wale protozoa wenye shina wote wamefungika au wamekufa, rotifa, wanyama wadogo sana, hakuna. Amonia ikapanda mpaka 27.

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanadhurika upesi na klorini na wanazaana polepole. Tena walioumia zaidi ni wale wa hatua ya pili, Nitrospira na wenzake, wanaotoa naitraiti kuipeleka kwenye naitreti, kwa hiyo naitraiti ikabaki 6. Hapo likaja balaa la pili ambalo hakuna aliyekuwa analitegemea: klorini ya mwisho, ile ya kuua vijidudu kabla maji hayajatoka, ikawa haifanyi kazi. Kila miligramu ya naitraiti inakula miligramu 5 za klorini, sita zinakula 30! Unamwaga na kipimo kinakuonyesha sifuri.

Tulichofanya: klorini ya tope ikasimamishwa siku hiyo hiyo, tope lisitupwe hata kidogo kwa siku kadhaa, oksijeni ikashikwa juu ya 2, na tukaletewa tope kutoka kituo kingine kinachogeuza amonia vizuri kama mbegu. Kurudi kawaida kulichukua karibu wiki tatu. Ukiuliza klorini ilitugharimu nini, hesabu ya unga ni ndogo, hizi wiki tatu za amonia kwenye mto ndiyo gharama yenyewe.

Sheria iliyobandikwa ukutani sasa: dozi haipandi zaidi ya kilo 1 kwa mara moja, haipandi bila mtu kuangalia hadubini, na maji yanayotoka yakianza ukungu unazima pampu kwanza ndiyo unapiga simu.

12 Machi: kufuata salfaidi mpaka inakotoka

Na nyuzi zikaanza kurudi. Salfaidi ilikuwa bado inaingia, kwa nini zisirudi.

Tukapima njia nzima. Mwanzo wa bomba refu la kusukuma, salfaidi karibu hakuna. Mwisho wake, miligramu 6 kwa lita. Maji yanakaa kwenye kisima cha pampu yakisubiri swichi ya juu, yakiisha kusukumwa yanalala kwenye bomba, hakuna hewa, bakteria wanatumia salfeti badala ya oksijeni na kuigeuza salfaidi. Na maji ya juu ya tangi la kukoleza tope yalikuwa meusi, yanafunguliwa kwa mkupuo mwisho wa wiki, yote mwanzoni mwa tangi la hewa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupuliza hewa kwenye kisima. Halikufaa. Lilitoa harufu tu, gesi ikapanda juu na zege la mfuniko likaanza kulika, tukaacha (na gesi hii inaua, mtu asiingie kisimani bila kipimo cha gesi na mwenzake juu). Kilichofanya kazi ni vitu viwili. Kwanza tulishusha swichi ya pampu ili iwake mara nyingi zaidi kwa muda mfupi, maji yasilale. Hii haikugharimu kitu zaidi ya nusu siku ya fundi umeme. Pili, kalsiamu naitreti kidogo kwenye kisima usiku, wakati maji ni machache, bakteria wanachukua naitreti na kuiacha salfeti. Mwisho wa bomba sasa tunasoma chini ya 1.

Tangi la kukoleza sasa linatolewa tope kila siku, na maji yake ya juu yanarudi kidogo kidogo usiku kucha.

30 Machi: amonia imegoma kwenye 9

SVI 125 bila klorini hata chembe. Oksijeni ipo, joto la maji sentigredi 24, tope lina umri (muda linaokaa kabla ya kutupwa) wa siku 11 na kitu, bakteria wamerudi, lakini amonia inashuka mpaka 9 na kusimama. Watu wakataka kuongeza blowa, mashine ya kupuliza hewa. Blowa haina kosa.

Piga hesabu. Naitrojeni 50 inayoingia, 12 hivi inaingia kwenye miili ya bakteria na kutupwa na tope, inabaki 38 ya kugeuzwa. Kila miligramu moja inakula alkaliniti 7.14, kwa hiyo unahitaji 271. Unayo 210. Alkaliniti inaisha kabla amonia haijaisha, pH inaanguka, bakteria wanapunguza kazi. Ukiongeza hewa hapo unachoma umeme tu.

Ukiondoa naitreti unarudishiwa 3.57 kwa kila miligramu. Tukiondoa 28 kati ya hizo 38, inarudi 100, hesabu inaishia 39. Zaidi ya theluthi ya ile 271 imerudi bure na ndiyo maana chumba cha anoksiki (kisicho na oksijeni ila chenye naitreti) kikapanda foleni kikawa mbele ya fosforasi. Ila 39 haitoshi, unataka ibaki walau 80 hivi, na feriki (chumvi ya chuma ya kuondoa fosforasi) nayo ikija itakula yake. Pengo la 50 kwa maji yetu ni kilo 200 kwa siku ukihesabu kama kalsiamu kaboneti, au kilo 148 za chokaa iliyozimwa.

Chokaa ilifanya kazi na ikatusumbua. Bomba la dozi liliziba kwa gamba jeupe, fundi akalikata, likaziba tena. Dawa ilikuwa kuacha bomba kabisa: mfereji wazi mfupi, unakwanguliwa kwa koleo asubuhi na jioni. Kituo chenye uwezo kiangalie magnesiamu haidroksaidi, haizibi namna hii na haipandishi pH ghafla ukikosea dozi.

27 Aprili: chumba cha anoksiki

Theluthi ya kwanza ya kila tangi imetengwa kwa ukuta wa mbao nzito, difyuza (vitoa vipovu vya hewa) zikatolewa, mikisa (vikorogeo) ya chini ikawekwa, na pampu mpya inarudisha maji yenye naitreti kutoka mwisho wa tangi, mara 3 ya maji yanayoingia. Humo hakuna oksijeni, bakteria wanakula BOD ya maji mabichi huku wakipumua naitreti, na naitrojeni inatoka kama gesi. Mpangilio huu unabeba jina la Ludzack na Ettinger, walioutoa mwaka 1962, na James Barnard ndiye aliyeongeza hilo rudisho la ndani kule Afrika Kusini.

Kikomo chake kinajulikana mapema. Rudisho la ndani 3 na tope 1.5 ni 4.5, gawa kwa 5.5, asilimia 82 hivi. Naitreti ya 38 haiwezi kushuka chini ya 6.9 hata ufanyeje. Tulitegemea 10. Tukapata 17.

Mita ya oksijeni ilituonyesha sababu tulipoitumbukiza kwenye bomba la rudisho lenyewe: mwisho wa tangi oksijeni ilikuwa 4.2, na yote hiyo inabebwa kurudi kwenye chumba kisichotakiwa kuwa na hewa, inakula BOD kwanza, naitreti inabaki na njaa. Blowa ilikuwa inafuata mita iliyo katikati ya tangi, na mwisho wa tangi kazi imeshapungua lakini valvu ziko wazi vile vile. Tukabana valvu za mwisho mpaka oksijeni pale ni 1 hivi, katikati ikabaki 2. Naitreti ikashuka mpaka 10 ndani ya wiki.

Tuligawa pia chumba cha anoksiki kwa kuta mbili ndogo, ili maji mabichi yote na tope lote vikutane kwanza kwenye kajumba kadogo. Hiki ndicho kichaguzi, wazo alilolieleza Chudoba na wenzake mwaka 1973. Chakula kikiwa kingi kwa muda mfupi bakteria wa floki wanakikomba haraka, uzi unafaidi pale chakula kikiwa kidogo kidogo muda wote. SVI imeshuka mpaka 105 na hakuna dawa.

Umeme nao: kugeuza kilo 152 za naitrojeni kwa siku kunataka oksijeni kilo 695 hivi, na kuondoa kilo 112 kwa naitreti kunarudisha kilo 320. Karibu nusu. Pampu ya rudisho na mikisa vinakula sehemu ya faida hiyo, lakini blowa ya tatu hatukuinunua.

19 Mei: povu la kahawia

Ukuta mpya wa mbao ulikuwa mrefu kuliko maji. Kila kinachoelea kikanaswa nyuma yake, na baada ya muda povu zito la kahawia, linalonata, likatanda mpaka kwenye njia ya kutembelea. Mtu aliteleza. Hakuumia, lakini kuanzia hapo njia inaoshwa kila shifti.

Hadubini: uzi mfupi, Gramu chanya, na una matawi ya kweli, yanayotoka kwenye seli yenyewe. Hawa ni kundi la Gordonia, wengi bado wanawaita Nocardia. Ngozi yao ina nta, vipovu vya hewa vinawanyanyua, na wanapenda mafuta. Klorini kwenye tope linalorudi haiwapati sana maana wengi wako juu ya maji, na walioko chini wako ndani ya floki.

Maji ya presha yalilivunja, saa moja baadaye limerudi. Dawa ya kuua povu vile vile, tena haikumaliza hata siku. Kilichobadilisha hali ni kukata ukuta, tukautoboa mapengo ya sentimita 30 ili uso wa maji upite mpaka mwisho, pale tukaweka kisahani cha kukusanya povu. Na povu lililokusanywa linakwenda moja kwa moja kwenye vitanda vya kukaushia. Kabla ya hapo utando wa klarifaya ulikuwa unarudishwa mwanzo wa kituo, yaani tulikuwa tunawapanda upya kila siku. Mtego wa mafuta wa mwanzoni nao ulikuwa umejaa mchanga, haukamati chochote, sasa unasafishwa.

Halafu umri wa tope. Gordonia anashuka ukitupa tope zaidi, lakini bakteria wa amonia nao wanataka umri, na theluthi ya tangi haina hewa tena, hivyo hesabu ni ya sehemu yenye hewa peke yake. Tulishusha MLSS polepole mpaka 2,800, umri wote siku 9 hivi, wenye hewa siku 6. Kwenye sentigredi 24 inatosha, amonia imekaa chini ya 2. Kwa maji ya sentigredi 12 usinakili hii namba, utawapoteza wote.

26 Juni: fosforasi

Bakteria wanaoweka fosforasi, anayetajwa sana ni Candidatus Accumulibacter, wanataka chumba cha kwanza kisicho na oksijeni wala naitreti. Humo wanameza asidi nyepesi na kulipa kwa kuachia fosforasi, halafu wakifika kwenye hewa wanaichukua yote waliyoachia na nyingine juu yake. Unaitoa kwa kutupa tope. Kwa hiyo ukipima ile ya chumba cha kwanza unataka kuona fosforasi IMEPANDA, wageni wanashtuka hapo.

Kale kajumba ka kwanza tukakageuza kuwa ka anaerobiki. Kipimo cha kwanza kilitoa 9 tu, na maji ya mwisho 4. Chanzo ni tope linalorudi: mita 6,000 zenye naitreti 10 ni kilo 60 za naitreti kila siku, zinaingia kwenye chumba kinachotakiwa kuwa na sifuri, na bakteria wengine wanazitumia kula asidi zote.

Hapa ndipo nyuzi na fosforasi zinapokutana. Huwezi kupunguza tope linalorudi kama halitulii. Kanuni ya haraka, milioni moja gawa kwa SVI inakupa takriban miligramu kwa lita ambazo tope linaweza kukazana chini ya klarifaya. Kwenye SVI 244 ni 4,100. Kwenye 105 ni 9,500. Sasa tunaweza kurudisha mita 2,400 tu kwa siku, tope lake 7,500, na naitreti inayorudi ni kilo 22 badala ya 60. Zaidi ya hapo tulijenga kajumba kengine kwenye njia ya tope linalorudi, linakaa humo bila hewa na kumaliza naitreti yake kabla ya kukutana na maji mabichi, mpangilio unaojulikana kwa jina la Johannesburg. Chumba cha kwanza kikapanda mpaka 26, maji ya mwisho 1.1.

Ile 1.1 haikushuka, na jibu lilikuwa kwenye tangi la kukoleza tena. Tope lenye fosforasi nyingi likikaa bila hewa linaiachia, maji ya juu yalikuwa na 60! Kina cha tope mle kimeshushwa, halikai zaidi ya saa chache. Mkia uliobaki tunaumaliza kwa feriki kloraidi kabla ya klarifaya. Kwa hesabu tupu kilo moja ya fosforasi inataka chuma kilo 1.8, kwa vitendo ni zaidi, hasa ukitaka kwenda chini kabisa. Tunaiweka kwa kiasi kidogo na tunapima alkaliniti siku hiyo hiyo.

24 Julai: tulipo

SVI 98. Amonia 1.4, naitreti 9, fosforasi 0.7. Klorini ya tope haijatumika tangu Februari, pampu yake ipo na inajaribiwa. Kalsiamu naitreti na chokaa ndizo zinazokula fedha sasa, tope la kutupa limeongezeka kidogo kwa sababu ya umri mfupi na feriki, na vitanda vya kukaushia vimekuwa vidogo.

Kuna tope linalopanda na vipovu kwenye klarifaya namba 2 mchana wa joto, tangu tulipopunguza kurudisha. Hili si la nyuzi, tumeliona kwenye silinda ya saa mbili: linatulia vizuri, halafu linanyanyuka. Tope linakaa chini muda mrefu na naitreti inageuka gesi humo humo. Kikwanguo cha klarifaya hiyo kinazunguka polepole kuliko cha namba 1, giaboksi imeagizwa. Kwa sasa pampu yake inapandishwa saa sita mchana mpaka saa kumi tu, na tunapima chumba cha anaerobiki jioni kuona kama fosforasi imepungua kuachiwa. Leo ilikuwa 23.

Joto la maji likizidi sentigredi 25 tutaanza kuhesabu pia washindani wa Accumulibacter, kundi la Competibacter, wanaokula asidi ile ile bila kubeba fosforasi. Maabara ina rangi ya Neisser ya kutosha. Giaboksi ikifungwa nitaongeza namba hapa.